Kula Sahani Moja: Mpelelezi, Mwizi na Mtu wa Tatu katika Filamu

Msemo wa kula sahani moja una maana mbili zinazoonekana kupingana, na kupingana huko ndiko kutakakouongoza mhadhara huu. Kwa maana ya kwanza, walao sahani moja ni watu walioshibana, ndugu au marafiki ambao mkono wa mmoja hauoni haya kugusana na wa mwenzake katika wali uleule. Kwa maana ya pili, ambayo wasomaji wa magazeti ya Tanzania wanaifahamu vizuri, kiongozi anayetangaza kwamba atakula sahani moja na wezi wa mali ya umma anaahidi kupambana nao mpaka upande mmoja ushindwe. Lugha haikukosea kuyaweka mambo hayo mawili katika chombo kimoja, kwa sababu anayepambana na mtu kwa muda mrefu hulazimika kumsogelea, kujifunza saa zake za kulala na za kutoka, kujua anampenda nani na anaogopa nini, hata mwisho wake adui akawa anafahamika kuliko jamaa wa nyumbani. Aina ya filamu inayojadiliwa hapa, yaani ile ya mchezo wa paka na panya baina ya mpelelezi na mwizi, imejengwa juu ya ukaribu huo.

Kwa filamu ya paka na panya inakusudiwa hadithi ya uhalifu ambayo mtazamaji haulizi nani katenda, maana mtendaji anajulikana tangu dakika za mwanzo, ila anauliza nani kati ya wawili atamtangulia mwenzake kwa hatua moja. Hapo ndipo inapoachana na hadithi ya upelelezi iliyozoeleka, ambayo humficha mkosaji mpaka kurasa za mwisho na kumfanya msomaji ashindane na mwandishi kukisia jina lake. Katika filamu ya paka na panya hakuna jina la kukisia; kuna akili mbili, kila moja inajua kwamba nyingine ipo, na mtazamaji amepewa kiti ambacho kutoka hapo anaziona zote mbili. Hoja inayotetewa katika mhadhara huu ni kwamba filamu hizi, pamoja na ufundi wake mkubwa, zimewazoesha watazamaji kuhesabu watu wawili tu kwenye sahani, ilhali karibu kila mara yupo wa tatu aliyekigharimia chakula asipate hata tonge. Na kwamba filamu moja iliyopigwa Buffalo, mji wa jimbo la New York nchini Marekani, ilithubutu kumweka huyo wa tatu katikati ya hadithi.

Mswahili hakuujua mchezo huu kwa mara ya kwanza ndani ya ukumbi wa sinema. Ngano za pwani zimejaa Sungura, ambaye ni mwizi mdogo wa mwili na mkubwa wa hila, na wasikilizaji wa ngano hizo, watoto kwa wazee, wamekuwa upande wake bila kuona aibu. Katika ngano moja ya Zanzibar, iliyomo ndani ya mkusanyo wa George Bateman uliochapishwa Chicago mwaka 1901, Sungura anamshawishi buku, yaani panya yule mkubwa wa mashambani, wapande pamoja mtini kula asali ambayo kwa hakika ni mali ya Simba. Simba anapofika chini ya mti na kuuliza ni nani walioko juu, Sungura anamwomba mwenzake amfunge ndani ya majani makavu na kuyatupa chini kana kwamba ni takataka, na kwa njia hiyo anatoroka mbele ya macho ya mwenye mali. Anayebaki mtini ni buku, naye ndiye anayeliwa. Wasimulizi hupita haraka mahali hapo, kwa kuwa mapambano ya Sungura na Simba bado yanaendelea na hadhira ina hamu ya kusikia hila inayofuata. Inafaa kusimama hapo kwa muda kidogo, kwa sababu umbo zima la filamu za baadaye limo ndani ya ngano hiyo: mfuatiaji mwenye nguvu, mkimbizi mwenye akili, na mwenzao mmoja ambaye kifo chake hakihesabiwi kuwa sehemu ya mchezo.

Fasihi andishi ya Kiswahili ilichukua njia nyingine. Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918, alishinda shindano la uandishi wa hadithi la mwaka 1957 na 1958 kwa riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, na humo akamleta Bwana Msa, mtu wa kiko na wa maneno machache, ambaye si polisi ingawa polisi humhitaji. Bwana Msa anafumbua mafumbo. Hamfukuzi mtu barabarani, wala mkosaji hapewi nafasi ya kusimama naye sawa kwa sawa. Inspekta Wingo wa Faraji Katalambulla, katika Simu ya Kifo ya mwaka 1965, aliusogeza upelelezi kwenye mitaa na simu za Dar es Salaam, na baada yake Elvis Musiba akamtuma Willy Gamba kupambana na majasusi. Hata hivyo hao wote wanabaki kuwa watu wa upande mmoja, na macho ya msomaji hayaondoki mabegani mwao. Jambo lililo la paka na panya zaidi katika urithi huu huenda likawa neno moja la mitaani lililodumu tangu enzi za ukoloni, nalo ni askari kanzu. Askari kanzu ni mpelelezi aliyevua sare na kuvaa vazi la raia ili akae barazani pamoja na anaowatafuta, anywe kahawa yao na kucheka kwa mizaha yao. Neno hilo limebeba ukweli ambao watengenezaji wa filamu walihitaji miongo mingi kuufikia, kwamba paka mzuri ni yule anayeweza kuaminiwa na panya.

Historia yenyewe inathibitisha ukaribu huo. Mtu anayehesabiwa kuwa baba wa upelelezi wa kisasa, Eugène François Vidocq, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1775, alikuwa mfungwa na mtoro wa magereza kabla ya kuwa mtoa habari wa polisi, na mwaka 1812 alikuwa tayari mkuu wa kikosi cha upelelezi cha Paris, ambacho alikijaza watu waliokuwa wahalifu kama yeye. Victor Hugo alipoandika Les Misérables, iliyotoka mwaka 1862, alichota katika maisha ya Vidocq ili kumuumba Jean Valjean anayekimbia, na akachota tena humo humo ili kumuumba Javert anayemkimbiza. Paka na panya mashuhuri kuliko wote katika fasihi ya Ulaya wametoka katika mtu mmoja.

Sinema iliongeza kwenye urithi huo chombo ambacho msimulizi wa barazani hana, nacho ni uhariri wa kupishanisha. Uhariri ni kazi ya kukata na kuunganisha vipande vya picha; kupishanisha ni kukata kutoka mahali pamoja hadi pengine na kurudi tena, ili matukio mawili yaonekane yanatendeka kwa wakati mmoja. Katika filamu ya Fritz Lang iitwayo M, iliyotoka Ujerumani mwaka 1931, jiji linamsaka muuaji wa watoto, na misako ya polisi usiku kucha imeharibu shughuli za wezi na wanyang'anyi kiasi kwamba nao wanaamua kumtafuta ili wapate tena utulivu wa kuiba. Lang anaonyesha vikao viwili, cha wakubwa wa polisi na cha wakubwa wa wahalifu, na anavikata kwa namna ambayo ishara ya mkono iliyoanzwa na mhalifu upande huu inamaliziwa na polisi upande wa pili, hata moshi wa sigara za vyumba viwili ukawa kama wa chumba kimoja. Hakuna mhusika anayetamka kwamba pande hizo mbili zinafanana, kwa maana mkasi umekwisha kusema.

Watazamaji wa Afrika Mashariki waliingia katika sinema na msamiati wao wenyewe, ambao unastahili kutendewa kama nadharia kamili. Katika mabanda ya video ya Tanzania, yaani vile vibanda vya mbao na mabati ambamo filamu za kigeni zilionyeshwa kwa kiingilio kidogo na mara nyingine kusimuliwa kwa Kiswahili na mfasiri mwenye kipaza sauti, wahusika waligawanywa katika makundi mawili: staringi na adui. Staringi ni mhusika mkuu ambaye hadhira imekubaliana kumshangilia, na sifa yake ya kwanza ni kwamba hafi. Adui ni kila anayemzuia. Mgawanyo huo unafaa kabisa kwa filamu za kareti na za vita, na mtu anayeingia katikati ya filamu anaweza kumuuliza jirani yake swali moja tu, staringi ni yupi, akapata yote anayohitaji kuyajua. Filamu ya paka na panya ndiyo inayolivunja swali hilo, kwa sababu jirani aliyeulizwa hana jibu.

Filamu inayoonyesha hali hiyo kwa ukamilifu kuliko nyingine ni Heat ya Michael Mann, iliyotoka Marekani mwaka 1995, yenye urefu wa karibu saa tatu. Al Pacino anacheza nafasi ya Vincent Hanna, mpelelezi wa Los Angeles ambaye ndoa yake ya tatu inamfia mikononi, na Robert De Niro ni Neil McCauley, mwizi mwenye nidhamu anayeishi katika nyumba isiyo na samani kwa kanuni kwamba mtu wa kazi yake asifungamane na chochote ambacho hawezi kukiacha ndani ya nusu dakika. Chanzo cha hadithi ni kisa cha kweli. Mpelelezi wa Chicago aliyeitwa Chuck Adamson alikuwa akimfuatilia mwizi aliyeitwa Neil McCauley kwelikweli, mtu aliyewahi kufungwa Alcatraz, na mwaka 1963 wawili hao walikutana kwa bahati wakaketi kunywa kahawa pamoja; mwaka uliofuata McCauley aliuawa baada ya uporaji wa duka kubwa, na aliyemkabili alikuwa Adamson yuleyule. Mann alikisikia kisa hicho kutoka kwa Adamson mwenyewe, akakifanyia kwanza filamu ya televisheni mwaka 1989, kisha akakirudia kwa ukubwa uliokistahili.

Kikao cha kahawa katika Heat kilipigwa ndani ya mkahawa wa Kate Mantilini huko Beverly Hills, kwa kamera mbili zilizofanya kazi kwa wakati mmoja, kila moja ikiangalia uso wa mchezaji juu ya bega la mwenzake, ili jibu la jicho la huyu lipatikane katika dakika ileile ya neno la yule. Wanaongea kama watu wa makamo waliochoka: kuhusu wanawake, kuhusu ndoto zinazowarudia usiku, kuhusu kutojua kazi nyingine na kutotaka kuijua. Kila mmoja anamwambia mwenzake waziwazi kwamba siku ikifika hatasita kumuua, na hakuna dharau katika kauli hizo. Wamekula sahani moja kwa maana zote mbili za msemo huo, na uzuri wa kikao hicho ni kwamba mtazamaji hawezi kuzitenganisha. Mwishoni, katika uwanja ulio kando ya njia za kurukia ndege, mpelelezi anamshika mkono mwizi aliyempiga risasi mpaka anapokata roho, na mabandani palipozoeleka kupigwa makofi pangekuwa na ukimya, kwani staringi ameua staringi.

Kuna hata hivyo mtu ndani ya filamu hiyo ambaye wahakiki humtaja kwa nadra, na kumtaja ni wajibu. Donald Breedan, anayechezwa na Dennis Haysbert, ametoka gerezani na amepewa kazi ya jikoni katika mkahawa ambao mwenyewe anamkata sehemu ya ujira, akijua kwamba mfungwa aliye nje kwa masharti hawezi kulalamika. Mwanamke anayempenda anamwambia kwamba anajivunia yeye. Siku ya uporaji wa benki kundi la McCauley limepungukiwa na dereva, McCauley anaingia mkahawani, anamtambua, na kwa maneno machache anamchukua. Muda mfupi baadaye Breedan amekufa kwenye usukani, na mwanamke yule anaipata habari kupitia televisheni. Dakika alizopewa Breedan katika saa hizo tatu ni chache mno. Mann ni msanii mwadilifu, ndiyo maana hakumsahau. Lakini umbo la filamu ya watu wawili lilimlazimisha kumpitia njiani kama wasimulizi wanavyompitia buku juu ya mti wa asali.

Ukweli wa mwizi anayeeleza kazi yake kwa kinywa chake una uhusiano wa karibu na Buffalo. Bruce Jackson, mtafiti wa sanaa simulizi aliyeanza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Buffalo mwishoni mwa miaka ya 1960, alikwenda katika magereza ya Texas na chombo cha kurekodia, na mwaka 1969 akachapisha A Thief's Primer, kitabu ambamo fundi wa kuvunja makasha ya fedha na kughushi hundi anaeleza ufundi huo hatua kwa hatua, kwa utulivu wa seremala anayeeleza maungio ya mbao. Thamani ya kitabu hicho kwa mtazamaji wa filamu ni kwamba kinayaondoa mapambo: mwizi halisi anasumbuliwa na gharama za wakili, na mdhamana, na wenzake wasioaminika, na anawazungumzia polisi kama mfanyabiashara anavyowazungumzia watu wa ushuru. Mwaka 2000 Jackson na mwenzake Diane Christian walianzisha mfululizo wa maonyesho ya filamu uitwao Buffalo Film Seminars, ambao baada ya miaka mingi katikati ya jiji ulihamia ukumbi wa Dipson Amherst kwenye barabara ya Main Street, na utaratibu wake ulikuwa wa maelezo mafupi, filamu nzima, kisha mazungumzo ya hadhira yote, wanafunzi na wananchi wa kawaida pamoja. Mtu aliyewahi kukaa bandani na kusikia hadhira ikimjibu mfasiri kwa sauti ataona kwamba desturi hizo mbili ni jamaa.

Afrika Mashariki imetoa filamu yake kubwa ya wezi na polisi, nayo ni Nairobi Half Life ya David Gitonga, iliyotoka mwaka 2012 na kuwa filamu ya kwanza ambayo Kenya iliipeleka kushindania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Mwas, anayechezwa na Joseph Wairimu, ni kijana wa kijijini anayetaka kuwa mwigizaji. Siku ya kwanza mjini anaporwa kila kitu, analala mahabusu, na huko anakutana na Oti, mkubwa wa kikundi cha wezi wa vipuri vya magari. Mchana anafanya mazoezi ya tamthilia, usiku anaiba. Polisi wa filamu hii hawamfuatilii mwizi ili wamkamate. Wanamfuatilia ili wapate fungu lao, na wanapoona kwamba kikundi kimekuwa mzigo wanakiondoa kwa risasi. Hapa kula sahani moja kumerudi kwenye maana ya wazi kabisa ya mlo, na hakuna heshima ya Hanna na McCauley, maana heshima ya aina hiyo inahitaji polisi anayelipwa mshahara wa kumtosha na mwizi anayechagua kuiba. Uamuzi wa Gitonga wa kumfanya mwizi kuwa mwigizaji ni wa busara kubwa, kwani Mwas anajua kuigiza sura yoyote inayotakiwa na mwenye nguvu aliye mbele yake, na ujuzi huo ndio unaomweka hai.

Filamu ya Buffalo inatoka katika mapatano ya namna nyingine, na kwa sababu kisa chake ni cha kweli inafaa kuanza na mji. Kwa miongo kadhaa uhalifu wa mpangilio wa Buffalo na Niagara Falls ulikuwa chini ya Stefano Magaddino, mzee ambaye shughuli yake halali ilikuwa nyumba ya mazishi. Serikali ya shirikisho, yaani ile ya Marekani nzima iliyo juu ya serikali za majimbo, ilichagua Buffalo kuwa mahali pa kujaribia kikosi chake cha kwanza maalumu cha kupambana na magenge hayo, kilichoanza kazi mwaka 1967. Kikosi kilihitaji shahidi wa ndani, kikampata: mwizi mmoja ambaye katikati ya miaka ya 1960 alishiriki kuvamia ofisi ya hazina ndani ya City Hall, lile jengo la makao ya mji la ghorofa 32 lililokamilika mwaka 1931, na ambaye wakubwa wake walimwacha aende gerezani bila kuitunza familia yake. Kwa kuwa walivunja ahadi, naye aliivunja, akakubali kutoa ushahidi. Kwa malipo ya ushahidi huo, maofisa waliahidi kumficha yeye na mwanamke aliyekuwa akiishi naye pamoja na watoto wa mwanamke huyo, kwa majina mapya, katika mji usiojulikana. Utaratibu huu ndio unaoitwa ulinzi wa mashahidi, ambao sheria ya mwaka 1970 iliufanya mpango rasmi. Wakati huo ulikuwa bado unabuniwa siku kwa siku.

Watoto wale walikuwa na baba yao mzazi. Alikuwa fundi wa saruji, hakuwahi kujihusisha na genge lolote, alikuwa ametengana na mama yao na alizoea kuwatembelea. Siku moja mwaka 1967 alikuta nyumba tupu. Alipouliza polisi, wakubwa hawakuwa na la kumwambia. Alipopata kuelewa kwamba watoto walikuwa mikononi mwa serikali yake mwenyewe, alikwenda mahakamani. Mahakama ya jimbo ilimpa haki ya kuwalea, na hukumu hiyo haikuwa na mahali pa kutekelezwa, kwa kuwa waliojua anwani hawakuitoa. Mahakama ya rufani ya shirikisho iliamua mwaka 1973 kwamba maofisa walitenda kwa nia njema na kwamba hawawezi kulazimishwa kuitaja. Alitafuta kwa miaka minane.

James Caan, aliyekuwa mwigizaji mashuhuri tangu The Godfather, alikichukua kisa hicho kutoka katika kitabu cha Leslie Waller na kukitengenezea Hide in Plain Sight, iliyotoka mwaka 1980, filamu pekee aliyowahi kuiongoza, naye akacheza nafasi ya baba, ambaye katika filamu anaitwa Thomas Hacklin. Alikwenda kuipiga Buffalo kwenyewe, katika mitaa ya nyumba za mbao na viwanda. Yeyote anayeiangalia akitarajia kukimbizana atakatishwa tamaa mapema, na kukatishwa tamaa huko ndiko kazi ya filamu hii. Paka na panya wamekwisha kupatana kabla ya nusu ya hadithi: mwizi ametoweka chini ya ulinzi wa wapelelezi, wapelelezi wameipata kesi yao, na kila upande umetimiziwa haja. Anayebaki kutafuta ni mtu asiye na beji wala bastola, anayeomba ruhusa kazini ili aende kusubiri kwenye korido za ofisi. Hakuna uhariri wa kupishanisha unaoweza kumsaidia, kwa sababu upande wa pili umefungiwa kabatini. Mtazamaji amevuliwa kiti chake cha kuona pande zote mbili, na kwa mara ya kwanza katika aina hii ya filamu anajua kidogo, anasubiri sana, na anazungushwa kutoka dirisha moja hadi jingine kama mtu yeyote mwenye shida. Mithali inajua habari za tembo wanaopigana na nyasi zinazoumia; Caan alionyesha habari za tembo waliopatana.

Filamu hii inastahili kusomwa upya mahali ambapo Kiswahili kimehamia. Katika mitaa ya magharibi ya Buffalo, na vilevile Columbus na Louisville, wanaishi Wakongo, Warundi na Wasomali ambao wengi wao wamepita Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mkoani Kigoma mwaka 1996, au Kakuma na Dadaab nchini Kenya. Wapo kati yao wanaojua kwa undani maana ya jamaa aliyehamishwa na ofisi kwenda nchi isiyotajwa, ya jina lililoandikwa vingine na karani, ya tarehe ya kuzaliwa iliyogeuzwa kuwa tarehe 1 Januari kwa sababu fomu ilidai tarehe, na ya kupeleka majina Msalaba Mwekundu ili wasaidiwe kutafuta mtoto au mzazi. Mtazamaji wa namna hiyo haoni ajabu yoyote kwa Hacklin kukaa kwenye benchi na bahasha ya karatasi mapajani. Yeye ndiye anayeweza kuwaeleza wahakiki kwamba filamu hii haikukosa mvutano, bali mvutano wake ni ule wa foleni, ambao sinema kwa jumla haijajifunza kuuheshimu.

Inawezekana kudai kwamba kazi ya Caan si filamu ya paka na panya hata kidogo, kwa kuwa mpelelezi na mwizi wamewekwa pembeni. Dai hilo lina nguvu likipimwa kwa sheria za aina, yaani yale makubaliano ya kimya baina ya mtengenezaji na hadhira kuhusu nini kitatarajiwa. Linapungua nguvu likipimwa kwa kisa chenyewe. Ushahidi wa mwizi yule ulisaidia kuwatia hatiani wakubwa wa genge la Buffalo, na hilo lilikuwa jema halisi kwa mji uliowaogopa kwa miaka mingi; wapelelezi waliomficha hawakuwa walaji rushwa kama wale wa Gitonga, na hofu yao kwamba watoto wangeweza kuuawa ilikuwa ya haki. Ndiyo maana kisa hiki ni kizito kuliko cha Nairobi: hapana mtu mwovu wa kumrudishia lawama yote. Filamu ya wawili ingeliona hilo kuwa ushindi wa akili, ikamalizia kwenye ndege inayopaa na shahidi ndani yake.

Baba aliwapata watoto wake mwaka 1975, wakiwa wamekua. Mwaka 1980, mwaka uleule ambao Hide in Plain Sight ilifika kwenye kumbi za sinema, mahakama ya rufani iliitupa kesi yake ya kudai fidia. Mwaka 1984 Bunge la Marekani liliitengeneza upya sheria ya kulinda mashahidi na kuingiza humo masharti kuhusu watoto, yanayowataka maofisa kuishughulikia haki ya mzazi anayebaki nje kabla hawajamhamisha mtoto wake.